Kuku Waonje Kwanza

Soweto, Mbeya

Jumapili, 3 Novemba 1974

Mvua ya kwanza imepiga leo tukiwa kanisani. Bati lile likinyeshewa humsikii mtu, mchungaji akabaki anafungua na kufunga mdomo kama samaki. Hatukupoteza kitu. Alikuwa anatuambia tuvumilie.

Naanza kuandika humu kwa sababu mwaka huu nataka kujua unga unakwenda wapi. Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alisema mtu akiandika matumizi yake hafilisiki. Yeye mwenyewe aliazima kalamu yangu na hajairudisha. Hii ninayoandikia ni kipande cha penseli ya Lea.

Sufuria yetu ina watu wanne. Mimi. Lea, wa darasa la tatu. Mdogo wake Bartholomeo, tunamwita Bato, hajaanza shule ila kula ameshahitimu. Na mama mkwe wangu, Mama Rozalia, aliyekuja kutoka Kalenga mwaka juzi kututembelea na bado anatembea. Mume wangu Danieli yuko kambini kwenye reli, upande wa Makambako. Mwisho wa mwezi hela ikitoka anakuja nayo. Isipotoka anatuma salamu. Salamu hazisongeki.

Kazi ya msimu huu ni moja tu: tufike kwenye mahindi mabichi, mwezi wa tatu au wa nne, hawa watoto wakiwa bado wanasimama kwa miguu yao.

Jumanne, 5 Novemba

Majani ya chai leo ni mara ya tatu kuchemshwa. Yametoa maji ya rangi ya mashaka. Sabuni ya mche nimeikata kwa uzi na kuianika juu ya dari, maana sabuni kavu haiyeyuki ovyo. Koroboi tunaizima wakati wa kula. Mdomo kila mtu anajua ulipo.

Ijumaa, 8 Novemba

Duka la ushirika limepata unga. Nilikuta mawe yamepanga foleni, wenyewe wamekwenda kulima. Jiwe langu nalijua, lina kovu. Mtu alikuwa amelisukuma nyuma ya ndoo iliyotoboka. Nikalirudisha mahali pake, na ile ndoo nikaisaidia kurudi nyuma, isichoke kusimama.

Unga ni ule wa njano wa Marekani ambao watoto wanauita Yanga kwa rangi ya jezi. Unanuka gunia, ukiusonga unakwaruza ulimi. Ulipokuja mara ya kwanza nusu ya mtaa walisema una dawa ya kuzuia uzazi. Jirani yangu Kashindye, yaani Mama Seni, akasema, "Kama una dawa ya maana hivyo wangetuuzia ghali zaidi." Tukaula. Sasa hata uniletee wa zambarau nitasonga.

Nimefika nao nyumbani, watoto wamekaa tayari, na hapo ndipo ninapochoka na huyu mama. Kabla sijabandika maji alichota konzi nzima, akaitia maji kidogo na kuwamwagia kuku wake wanne aliokuja nao kwenye tenga. Konzi nzima! Kisha akasema tungoje mpaka mchana.

"Mama, watoto hawajala tangu jana jioni."

"Kuku waonje kwanza."

"Kuku watatuambia nini?"

"Waonje."

Ndivyo anavyofanya kila unga mpya unapoingia, kila mahindi, hata dagaa. Ana miaka mingi kwenye Ulutheri lakini nahisi kuna mzimu wa Kihehe anayelipwa kupitia hao kuku. Mzimu ale pumba basi, kama sisi.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumepanda shamba la bondeni. Mgongo umekufa.

Jumatano, 27 Novemba

Mvua. Mvua. Kuni mbichi.

Jumapili, 1 Desemba

Nimegundua jambo, naliandika nisilisahau. Saa ya kupika mtaa mzima unafuka, hata nyumba ambazo najua hazina kitu. Moshi wa chakula huanza mzito kisha hupungua, mtu anapopunguza moto ugali uive. Moshi wa aibu haupungui. Unatoka mzito hivyo hivyo mpaka kuni ziishe, kwa sababu kilicho jikoni ni maji, na maji hayaungui. Leo moshi wa aibu umetoka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Saulo, ambaye asubuhi alipita akituhimiza kilimo cha kufa na kupona. Naona ameanza na neno la kwanza.

Wangu mimi ulipungua. Nilihakikisha unapungua, nikatoa kuni mbili kwa makusudi. Tulikuwa na maji tu.

Jumanne, 10 Desemba

Duka limefungwa kwa kukosa cha kulifungulia. Hela ya Danieli haijaja.

Nimekaa nikawatazama wale kuku. Kutaga waliacha mwezi wa tisa. Wanakula makombo, na makombo siku hizi ndiyo chakula. Ukijumlisha konzi za unga mpya na zile punje anazowadondoshea akidhani sioni, wanamzidi Bato.

Alhamisi, 12 Desemba

Mama alikwenda kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Aliporudi kuku hawakuwepo. Nimemuuzia Mama Seni wote wanne. Mama Seni ni Msukuma, mumewe anachunga ng'ombe huko Usangu, karibu na Rujewa, na yeye hapa anauza samli na maziwa ya mgando, kwa hiyo ana chochote. Alinilipa nusu hela, nusu samli.

"Mama Lea," aliniambia akiwashika mabawa, "wewe siku moja utaanza kutupimia hewa."

"Ukiona naanza ujue kuna faida."

Nimenunua chumvi, mche wa sabuni, mafuta ya taa na pishi mbili za maharage. Nyumba imekuwa nyumba. Nilitegemea Mama apige kelele, nikawa nimeandaa na majibu. Alisimama akalitazama lile tenga tupu. Akasema tu, "Kazi yao itabaki."

Kazi gani? Sikumuuliza. Mtu akikubali haraka hivyo usimchokoze.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Wali! Danieli alikuja na kilo mbili za mchele wa Rujewa. Mama alionja wa kwanza kabisa, wali bado una kiini, akatufanya tungoje mpaka ukapoa. Danieli alicheka, akasema mama yake tangu zamani hana haraka na chakula cha wengine.

Jumapili, 12 Januari 1975

Mama amekula kabla yetu.

Nimerudi kisimani nikamkuta ameinama jikoni, amebandika kile kisufuria cha uji wa Bato, anakula peke yake akiangalia ukutani. Uji mtupu, wala chumvi. Ni ule unga nilioununua jana kwa mama mmoja wa sokoni Mwanjelwa. Hakuficha kisufuria. Angekificha ningemsamehe, maana mwizi anayejificha bado ana heshima na wewe.

Jumanne, 21 Januari

Unga mpya umeingia. Mama amekula kwanza, kisha akasema tusisonge mpaka mchana. Yaani ashibe yeye, sisi tungoje tumbo lake litulie.

Ijumaa, 24 Januari

Naweka alama kwa kidole ndani ya debe la unga. Siku za katikati Mama haligusi. Ni unga mpya tu unaomvuta. Ana pua ya unga mpya kama paka na maini.

Jumatano, 29 Januari

Unga mpya, pishi moja. Amekula. Lea alimtazama mpaka akamaliza, kisha akaniuliza, "Mama, wazee wanasikia njaa kuliko watoto?" Nikamwambia aende akafagie.

Jumapili, 2 Februari

Danieli amekuja, na viatu vimefunguka mbele kama vinataka kuongea. Kazi ya reli huku kwetu inakwisha, wengine wameshapewa barua. Hela aliyoleta naweza kuifunika kwa jani la mgomba likabaki.

Nilimngoja ale kwanza, maana habari mbaya kwa mtu mwenye njaa zinakurudia wewe. Kisha nikamwambia habari za mama yake. Alikataa. Nikamwonyesha kisufuria. Nikamwita Lea aseme. Mtoto akasema huku anaangalia miguu.

Danieli alikwenda akakaa karibu na mama yake barazani. Mimi nilikuwa nachambua mboga kwa bidii sana, majani yale yale.

"Mama. Watoto wanasema unakula mbele yao."

"Wanasema kweli."

"Mama, kuna shida?"

"Shida ipo, mwanangu. Hukuiona ulipokuwa unakuja?"

"Namaanisha wewe. Ungengoja mle wote."

"Nilishawahi kungoja," akasema. Basi. Akaanza kumuuliza habari za viatu.

Danieli alirudi ndani akaniambia mama yake amezeeka, nimvumilie. Naona mchungaji amepata msaidizi.

Jumamosi, 8 Februari

Mahindi ya bondeni yanafika kifuani. Hayajatoa hata mbelewele. Nimekaa katikati yake nikayaomba, Mungu anisamehe, mahindi yenyewe.

Jumatatu, 10 Februari

Majani ya maboga. Chumvi. Bato ameuliza kama kesho pia ni majani. Nikamwambia kesho ni Jumanne.

Jumatatu, 17 Februari

Sikuandika wiki nzima. Naandika sasa yote, kwa mpango, nisije baadaye nikajitungia mengine.

Alhamisi, tarehe kumi na tatu, nilikwenda sokoni Mwanjelwa na hela ya nyumba mbili: yangu na ya Mama Seni. Tulikubaliana ninunue mimi kwa ajili ya wote, kwa sababu mtaa mzima unajua mimi muuzaji nikimshika bei haondoki na nyama mwilini. Nilijua wanavyonisema. Nilipenda.

Nyuma ya mashine ya kusaga palikuwa na kijana, alisema anaitwa Jailos, ana gunia la mahindi limefunguliwa nusu. Meupe. Tangu mwezi wa tisa sijaona punje nyeupe, nikahisi kulia. Bei yake chini ya wote. Nikatia mkono. Yalikuwa na unyevunyevu, na pale punje inapochongoka, kwenye kitako, palikuwa na wekundu kidogo kama ufizi.

"Mbona mabichi?"

"Mvua, mama. Ilitupata juu ya lori."

"Na huu wekundu?"

"Udongo huo mama. Hii mahindi ni ya kwetu kabisa, siyo ya Wamarekani. Osha tu, inatoka."

Mwaka mwingine ningeyarudisha. Mimi ni mtoto wa mkulima, najua rangi ya mahindi. Lakini miezi mitano nimekula unga wa njano unaonuka gunia na sikufa. Macho yalishazoea kuambiwa kwamba chakula ni rangi yoyote. Nikajiambia, wa njano tumeula, wekundu huu mdogo utatufanya nini? Kisha badala ya kumwogopa, nikamtumia: nikamwambia kwa kuwa yamelowa ashushe bei. Akashusha. Nikamwambia kwa kuwa yana udongo ashushe tena. Akashusha haraka. Kijana anayeshusha haraka hivyo, hata kuku angejiuliza. Mimi nilidhani nimemshinda.

Nusu nikampelekea Mama Seni. Yangu niliyaosha, maji yakatoka na rangi ya waridi, nikayamwaga. Nikayaanika juu ya mkeka hadi jioni.

Mama akaniuliza, "Umeyatoa wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mwenye mahindi, Mama."

Ijumaa asubuhi niliwahi mashineni. Lea alikwenda shule bila kitu, nikamwahidi mchana atakuta ugali mweupe. Niliporudi Mama alikuwa ameshabandika kisufuria. Alichota unga kabla sijatua debe. Akapika, akala, akiangalia ukutani.

Nilishindwa. Nilisema neno nililokuwa nalificha tangu Januari.

"Mama, wewe una njaa kuliko Bato?"

"Nina njaa kama Bato."

"Basi mbona humgojei?"

Alikwangua kisufuria mpaka chini, akakiosha. Mimi nikabandika maji ya uji wa mtoto, liwalo na liwe. Akaniambia, "Mpaka jua lifike mlangoni." Nikamwambia jua halina mtoto. Akainuka, akalivuta debe la unga, akalipeleka kwenye kizingiti, akakaa akalibana katikati ya miguu yake. Bato analia. Maji yanachemka. Nilisimama pale na mwiko nikipima kama naweza kulitoa lile debe bila kumsukuma mwanamke mzee. Nilikuwa naelekea kuona kwamba naweza.

Alianza kutapika. Kwanza nilidhani, na naliandika kwa sababu ndivyo nilivyodhani, kwamba ni ulafi wake. Kisha mikono ikaanza kutetemeka, halafu mwili mzima, akaanguka upande, macho yamegeuka. Miguu ilibaki imelibana debe. Nilipojaribu kulitoa nimlaze vizuri ilinibidi nitumie nguvu.

Mtetemeko ulipotulia kidogo alinitafuta kwa macho.

"Watoto wamekula?"

"Bado, Mama."

"Basi. Mwaga."

Ndipo nilipoelewa. Kuku. Tenga. Kisufuria. Vyote vilikuja kwa pamoja.

Nikakimbia kwa Mama Seni. Alikuwa bado hajasaga, mahindi ameyaanika uani. Yeye alikuwa amesimama katikati ya ua, mkono mdomoni. Kuku wetu watatu wamelala chali pembeni ya mkeka, wa nne anazunguka mahali pamoja, shingo imepinda.

"Mama Lea, kuku wako wamerogwa!"

"Mmekula?"

"Nilikuwa nakwenda mashineni sasa..."

Niliupiga mkeka teke, mahindi yakamwagika matopeni. Kuku wetu walikuwa wamefanya kazi yao. Uani kwa watu.

Tulimpakia Mama kwenye toroli ya Mzee Saulo, mvua inanyesha, Mama Seni akisukuma na mimi nikishika kichwa. Hospitalini walifanya walichoweza. Daktari aliuliza amekula nini. Nikamwambia uji. Akauliza mwingi? Nikasema kidogo tu, alikuwa anaonja. Nilisikia sauti yangu inasema neno hilo.

Alifariki kabla jua halijazama.

Mzee Saulo anasema ni mbegu ya kupandia, ile inayopakwa dawa ya wadudu, mtu ameiiba mahali akaiosha. Alikwenda kumtafuta Jailos pale nyuma ya mashine. Hakuna anayemjua. Wengine wanasema ameelekea Tukuyu.

Unga niliufukia nyuma ya choo, nikauchanganya na majivu asije mtu kuufukua. Wanawake wawili walisimama kwenye ua wakinitazama ninavyomwaga unga mweupe shimoni. Mmoja akasema, "Angetupa sisi." Nikamwambia una sumu, umeua mtu. Akalitazama shimo, akauliza, "Hata kidogo tu?"

Jumanne, 18 Februari

Tulimzika juzi Jumapili, hapa Mbeya. Kumsafirisha hadi Kalenga hatukuweza. Hata kwenye hilo tumebana matumizi.

Danieli alifika Jumapili asubuhi na viatu vile vile. Hakunigombeza. Leo, watu walipopungua, aliniuliza, "Uliokoa kiasi gani?"

Nikamtajia. Ni bei ya mche mmoja wa sabuni, na chumvi ya kubaki.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa nauli.

Jumapili, 23 Februari

Mdogo wake Mama, aliyekuja kwa basi kutoka Kalenga, ameondoka leo. Jana alikaa na mimi jikoni. Tulisalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, kisha akanisaidia kuosha vyombo. Mwishowe akauliza kama dada yake alikuwa bado anafuga kuku. Nikamwambia niliwauza.

Hakuonyesha kushangaa. Akanisimulia. Mwaka wa nzige, Rozalia akiwa mke mdogo, alikuwa na watoto wawili, hawa ni kabla ya Danieli kuzaliwa. Mashamba yalibaki vijiti. Watu wakaingia porini kuchimba mizizi. Siku moja alipata mizizi minene, mizuri, akaichemsha. Akawapa watoto kwanza, kama mama yeyote. Yeye alikaa pembeni akingoja makombo.

"Wewe ungefanyaje?" mama mdogo akaniuliza. "Si ungewapa kwanza?"

Nikasema ndiyo.

"Na yeye alifanya hivyo. Alingoja. Kwa hiyo yeye akabaki."

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Danieli mwenyewe hajui kama alikuwa na kaka na dada. Akasema, "Angewaambia, mngekula kwa amani?"

Jumamosi, 1 Machi

Nimesoma nyuma humu. 12 Januari, 21, 29. Paka na maini. Nilitaka kuchana kurasa. Nimeziacha. Mimi niliyejua moshi wa kila nyumba katika mtaa huu, jiko langu mwenyewe sikulisoma.

Jumatano, 12 Machi

Unga wa njano umerudi dukani. Mama Seni hanitumi tena kumnunulia. Anamtuma Seni, binti yake mkubwa, na nikiwa kwenye foleni huyo binti anaangalia ninachochagua, kisha anachukua kwingine. Ni haki yao. Lakini jana nilikuta kibuyu cha maziwa mlangoni, na kibuyu hicho nakijua.

Nilitaka kununua kuku. Hakuna, ugonjwa wa mdondo umewamaliza mtaa mzima, na waliobaki wanauzwa bei ya mbuzi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeonja mimi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeonja. Kungoja ni kazi. Unakaa unalisikiliza tumbo lako kama mtu anayesubiri hodi. Yeye alikuwa anakaa hivyo, na mimi mgongoni kwake nikigonganisha vyombo ili asikie kwamba nimekasirika.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Danieli amepewa barua yake. Amesema atalima. Mahindi yana ndevu.

Jumamosi, 5 Aprili

Ndevu zimekauka. Asubuhi nimeshuka bondeni nikavunja mahindi manne, bado yana umande. Nimeyachemsha na maganda yake ya ndani, nyumba nzima ikanukia. Tumefika, wote wawili wanasimama. Bato alikuwa anaruka mguu mmoja kuzunguka jiko.

Mahindi haya nimeyapanda mwenyewe, kwa mbegu iliyoning'inia kwenye moshi wa jiko langu. Nimeyapalilia mwenyewe. Hayana kitu, najua hivyo kama ninavyojua jina langu. Nilichukua hindi moja, nikaipua sufuria yenye yale matatu, nikaenda nayo kwenye kizingiti, nikakaa nikaibana katikati ya miguu. Nikala polepole nikiangalia ukuta, mpaka gunzi.

Bato alianza kulia.

"Mbona Mama anakula peke yake?"

Sikugeuka. Nilingoja nisikie lile neno nililowahi kuliandika humu, ulafi. Lea ndiye aliyejibu, akimshika mdogo wake mkono.

"Nyamaza. Anafanya kazi ya kuku."

Sijamfundisha mimi maneno hayo. Wakakaa chini wote wawili, wakaangalia mlango. Baada ya mvua hizi jua linatembea kama lina mzigo kichwani. Lilipofika kizingitini, nikatoa miguu.